Tuwafundishe Excel kwa Daftari la Chama

Ukitaka kujua kama kijana amejifunza Excel, usimdai cheti. Mpe orodha ya michango ya wanachama ishirini, mkalishe mbele ya kompyuta, kisha utazame mikono yake. Wengi hutoa simu mfukoni, wakajumlisha kwa kikokotoo cha simu, halafu wakaliandika jibu kwa kibodi katika kisanduku cha chini kabisa. Jedwali linapendeza. Vichwa vimekolezwa wino, mistari imechorwa, na rangi ya samawati imetiwa. Lakini ukibadilisha mchango wa mtu mmoja kutoka shilingi 200 hadi 500, jumla inabaki vile vile, kwa kuwa kompyuta haikuhesabu chochote. Imetumiwa kama taipureta.

Nafundisha utangulizi wa kompyuta kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Tawa, karibu na milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Kabla ya kuingia darasani niliweka vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika, enzi za leja kubwa za jalada gumu na kalamu mbili, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kukagulia. Na hadi leo mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama. Kwa hiyo ninaposema kwamba somo hili tunalifundisha kichwa chini miguu juu, nimesimama pande zote mbili: nalijua darasa linalowatoa vijana, na nakijua kikundi kinachowahitaji vijana hao na hakiwapati.

Wasomaji wa Ukambani wanaujua mzunguko wenyewe. Watahiniwa wa kidato cha nne wakishamaliza KCSE mwishoni mwa mwaka, wazazi hawataki wakae bure wakisubiri matokeo na nafasi za vyuo. Ndengu huvunwa kuanzia Januari, na zikipata soko kunakuwa na shilingi mbili tatu nyumbani. Hapo ndipo vibandiko vya vyuo vya kompyuta vinapojaa kwenye milingoti ya umeme na kuta za maduka: pakeji saba, pakeji nane, pakeji tisa, cheti hutolewa. Mzazi huchagua chuo kwa wingi wa pakeji. Nimemwona mama akiuza beberu ili bintiye asome pakeji tisa badala ya saba, na mbili zilizozidi zilikuwa programu ambazo hakuna ofisi kati ya hapa na mji wa Wote iliyowahi kumwomba mtu azitumie.

Sasa ingia darasani. Somo la kwanza, karibu kila mahali, ni historia. Charles Babbage alizaliwa 1791, akafa 1871. Kizazi cha kwanza cha kompyuta, cha pili, cha tatu. Faida za kompyuta, hasara za kompyuta. Wanafunzi wananakili ubaoni huku mashine zimefunikwa vitambaa. Baada ya hapo wiki nzima ya Windows, kisha wiki kadhaa za Word: koleza, pigia mstari, laza herufi, badilisha rangi. Excel hupewa siku zilizobaki, na katika siku hizo mwalimu huonyesha vitufe vilipo. Mwisho wa yote mtihani wa karatasi: taja sehemu tano za dirisha la Excel. Anayezitaja zote tano anapata alama zote, hata kama hajawahi kuhifadhi faili kwenye flashi mwenyewe.

Miezi michache baadaye kijana huyo huyo utamkuta kwenye saiba, amepanga foleni, amlipe mtu amchapie barua ya kuomba basari na CV ya ukurasa mmoja. Cheti chake kimo kwenye bahasha ya kaki mkononi. Simlaumu kijana. Alisoma alichofundishwa, na mzazi alilipa alichoambiwa.

Ninachokitaka ni hiki: somo la utangulizi lianze na daftari la chama, yaani kikundi cha kuchanga na kukopeshana. Siku ya kwanza, saa ya kwanza, kabla ya Babbage na kabla ya Word.

Nimekuwa nikifanya hivyo na madarasa yangu, na nitaeleza namna. Kila mwanafunzi anakuja na daftari la hesabu ambalo lipo kwao: la kikundi cha mama yake, la mradi wa maji, la kibanda cha baba, la mauzo ya maembe. Asiye nalo hupewa la kikundi changu, majina yakiwa yamebadilishwa, maana siri ya mkopo wa mtu si ya kutandazwa darasani. Safu ya kwanza jina. Ya pili mchango. Ya tatu mkopo. Ya nne riba. Ya tano faini ya kuchelewa mkutanoni. Tunaandika majina na tarakimu, hatupambi chochote. Halafu chini ya michango tunaandika alama ya sawasawa, neno SUM, na mabano yanayosema anza hapa ishia pale. Gonga Enter. Sasa rudi juu, badilisha mchango wa mtu mmoja, na utazame chini.

Kila muhula kuna mwanafunzi anayeruka kutoka kitini hapo. Jumla imebadilika yenyewe. Msichana mmoja wa Kalawa aliniambia, "Madam, kumbe hii inafikiri!" Haifikiri, nikamweleza, inafuata amri yako. Lakini nilielewa alichokiona, kwa sababu ndicho hasa kilichoizaa programu ya aina hii. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard huko Marekani, alimtazama mwalimu akijaza jedwali ubaoni; tarakimu moja ilipobadilika, ilibidi nyingine nyingi zifutwe na kuandikwa upya. Bricklin akatamani ubao unaojisahihisha wenyewe. Akishirikiana na rafiki yake Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979. Excel ilifuata mwaka 1985, kwanza kwenye kompyuta za Macintosh. Tangu mwanzo chombo hiki kilikuwa cha kuhesabu upya bila kuchoka, na hilo ndilo somo la saa ya kwanza. Rangi ya samawati inaweza kungoja.

Baada ya jumla tunaingia kwenye riba, na hapo vijana hukomaa haraka. Chama chetu kilikuwa kikitoza asilimia 10 kwa mwezi, kisha akina mama wakakubaliana iwe 5. Aliyeandika 10 ndani ya kila fomula ana kazi ya kurekebisha mstari mmoja mmoja, na hakosi kuruka mmoja. Aliyekiweka kiwango katika kisanduku kimoja pembeni, kisha akakielekezea fomula zote kwa alama mbili za dola ili kisihame zinaponakiliwa kwenda chini, hubadilisha tarakimu moja tu na hesabu ya wanachama wote inajipanga. Ukimfundisha mtu alama ya dola kwa mfano wa kampuni ya kubuni ya kule Ulaya, ataikariri na kuisahau. Mfundishe kwa mkopo ambao mama yake anadaiwa, hataisahau.

Halafu kuna mitego, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote, ilhali vijitabu vingi vya pakeji vinaipita bila kuigusa. Mtego wa kwanza ni namba ya simu. Andika 07 na tarakimu zinazofuata, Excel inaiona kuwa nambari ya kuhesabia na inaifuta sufuri ya mbele. Orodha nzima ya wanachama inapoteza sufuri zake, na mhazini anayetaka kutuma gawio kwa M-Pesa anabaki na namba zenye kasoro. Dawa ni kuiambia safu hiyo mapema kwamba ni ya maandishi. Mtego wa pili ni tarehe. Mashine iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 4/3 kuwa Aprili tarehe 3, nasi tulimaanisha tarehe 4 Machi. Hapo mtu aliyelipa kwa wakati anatozwa faini ya mwezi mzima.

Mtego wa tatu ndio ninaouogopa kuliko yote. Katibu anataka majina yafuate alfabeti. Anachagua safu ya majina peke yake na kuamuru ipangwe. Mashine inamuuliza kama safu za jirani zihame pamoja. Yeye halisomi swali vizuri, anachagua jibu la kuendelea na safu ile moja tu. Majina yanahama, pesa zinabaki zilipokuwa. Aliyekuwa na deni la shilingi 10,000 sasa hana deni, na mjane aliyemaliza kulipa mwaka jana anadaiwa. Hakuna kengele inayolia. Jedwali ni safi, limepangika, linaaminika. Ukilifunga na kulihifadhi hivyo bila nakala nyingine, mwezi ujao kuna ugomvi mkutanoni, na ugomvi wa pesa umevunja vikundi vingi kuliko ukame. Mimi humwagiza kila mwanafunzi alivuruge daftari kwa makusudi namna hii, alione kosa kwa macho yake, kisha alirudishe kwa Ctrl na Z. Asiyewahi kuliona kosa hilo hawezi kulitambua siku likimjia kazini.

Msomaji asidhani haya ni makosa ya watu wa Tawa. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti kuhusu madeni ya mataifa uliosema kwamba nchi inayodaiwa zaidi ya asilimia 90 ya pato lake uchumi wake hudumaa. Wanasiasa Ulaya na Marekani waliutumia kutetea kubana matumizi ya umma. Miaka mitatu baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za utafiti wowote mashuhuri. Akachagua huo. Hesabu zikakataa kulingana. Alipopata faili la Excel kutoka kwa wenyewe, aliona fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Hilo halikuwa tatizo pekee katika utafiti huo, yeye na walimu wake walionyesha na mengine, lakini wachumi hao wawili walikiri kosa la mistari. Kijana wa chuo, zoezi la darasa, fomula ya wastani! Mtu anaweza kuijifunza fomula hiyo hapa Tawa kabla ya chai ya saa nne.

Uingereza nako, mwaka 2020, wakati wa korona, matokeo 15,841 ya watu waliopatikana na ugonjwa yalikosekana kwenye hesabu ya taifa kwa siku kadhaa. Sababu ilikuwa faili la muundo wa zamani wa Excel, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yalidondoka, na watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakacheleweshewa taarifa. Muundo wa sasa unabeba mistari zaidi ya milioni moja. Kujua tofauti ya miundo hiyo ni jambo la utangulizi kabisa.

Narudi nyumbani, kwa sababu hapa Makueni tuna sababu yetu wenyewe ya kulichukulia somo hili kwa uzito. Kaunti hii imesifiwa ndani na nje ya nchi kwa kuwashirikisha wananchi, tangu utawala wa Profesa Kivutha Kibwana ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji huchagua kamati ya kusimamia mradi, iwe ni kisima, zahanati au barabara, na kamati hiyo hufuatilia kazi ya mkandarasi. Ni mwendelezo wa mwethya wetu, desturi ya kufanya kazi kwa pamoja, ambao wazee waliutumia kuchimba matuta ya mashamba na kujenga mabwawa ya mchanga. Sasa fikiria mkulima aliyechaguliwa kwenye kamati anapopewa orodha ya gharama: saruji mifuko kadhaa, kokoto tani kadhaa, mabati, vibarua, usafiri. Kurasa nne, jumla chini. Nani ataihakiki ile jumla? Nani atauliza ikiwa bei ya mfuko imezidishwa sawasawa na idadi? Akiwepo kijana mmoja katika kijiji anayeweza kuiingiza orodha hiyo kwenye jedwali na kuiacha fomula iseme, kamati ina meno. Asipokuwepo, kamati inatia sahihi kwa imani.

Ndiyo maana nasema hii ni elimu ya uraia, na ninasikitika tunapoiuza kwa wingi wa pakeji.

Najua pingamizi. Mkuu wa chuo kimoja aliniambia soko linataka cheti, na soko halina makosa. Ni kweli kwamba matangazo ya kazi za serikali hudai ujuzi wa programu za kompyuta, na mwombaji huthibitisha kwa cheti. Lakini cheti kinampeleka mlangoni tu. Siku ya kwanza kazini bosi humpa orodha ya mishahara au ya dawa za zahanati, wala hamuulizi Babbage alizaliwa lini.

Wengine husema mashine hazitoshi. Hazitoshi kweli. Nimefundisha wanafunzi watatu kwa kompyuta moja, na umeme umewahi kukatika katikati ya zoezi kukawa hakuna aliyehifadhi kitu. Hata hivyo mashine chache ni sababu ya kuacha kupoteza saa kwa historia na rangi, zile saa chache za kila mwanafunzi kwenye kibodi zitumike kwa hesabu. Na simu zipo. Google Sheets hufunguka kwenye simu ya kawaida ya kugusa, na fomula ya SUM ni ile ile. Kidole kinachotuma M-Pesa kinaweza kuandika fomula.

Kuhusu gharama ya programu, vyuo vingi vidogo vinatumia nakala zisizolipiwa, ambazo huja na virusi na hugoma siku ya mtihani. LibreOffice ni ya bure kisheria, hufungua mafaili ya Excel, na hufanya kila kitu nilichokitaja hapa. Mtangulizi wake, OpenOffice, aliwahi hata kutolewa kwa Kiswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice. Kazi kubwa ile ilistahili kuendelezwa na kuingizwa katika kila chuo cha Afrika Mashariki. Tuliiacha ikapoa.

Na wapo wanaoniambia siku hizi akili mnemba itaandika fomula yenyewe. Itaandika, sawa. Lakini haijui kama mama fulani alilipa shilingi 500 au 50, na haitasimama mbele ya wanachama kueleza kwa nini jumla imepungua. Atakayesimama ni mhazini.

Sidharau Word. Kumbukumbu za mkutano lazima ziandikwe, na barua pia. Ila yatosha mwanafunzi ajue kusogeza kichwa katikati kwa kitufe chake badala ya kugonga nafasi mara thelathini, aweze kuweka jedwali, kurasa zenye nambari, na kuhifadhi nakala mbili mahali pawili. Hayo ni ya siku chache. PowerPoint ingoje hadi mtu awe na jambo la kuwaonyesha wenzake.

Kinachosikitisha ni kwamba njia ninayoitaka haihitaji sera mpya. Mitaala ya umahiri ya TVET CDACC, taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2013, tayari imeuweka ujuzi wa kidijitali katika masomo ya msingi ya vyuo vya ufundi, na nia yake ni mwanafunzi apimwe kwa kutenda. KCSE yenyewe, katika somo la kompyuta, ina karatasi ya pili inayofanywa kwenye mashine kwa saa mbili na nusu. Mtoto wa sekondari anapimwa kwa kazi ya mikono yake. Anayelipa karo ya pakeji anastahili kipimo hicho hicho.

Basi nawaomba wakuu wa vyuo vya Tawa, Kikima, Mbumbuni, Wote na ng'ambo ya pili ya mto Athi kule Kitui: muhula ujao uwekeni mtihani wa mwisho kwenye kompyuta. Mtahiniwa apewe daftari la kikundi lenye makosa matatu yaliyofichwa, ayatafute, ayasahihishe, na akabidhi faili. Kaunti nazo, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini, zianze na vyuo vyao wenyewe, maana huko hazihitaji kumbembeleza mtu. Nawe mzazi, kabla ya kulipa awamu ya pili ya karo, chukua daftari la chama chako, mpe mwanao, umwambie akuletee jumla ya michango ya mwaka mzima na fomula aliyotumia. Asipoweza, rudi naye chuoni ukaulize alifundishwa nini.